Mawe ya Isivivane: Uhakiki wa Ukumbusho wa Mababu

Kila taifa lililotoka katika utawala wa wageni hukuta viwanjani mwake sanamu ambazo halikuziagiza. Kuziondoa si kazi kubwa sana. Sanamu ya Hermann von Wissmann iliondolewa Dar es Salaam baada ya Waingereza kuuteka mji katika mwaka wa 1916, mkoloni mmoja akimng'oa mkoloni mwenzake; na sanamu ya Cecil Rhodes ilishushwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town tarehe 9 Aprili 2015, mwezi mmoja tu baada ya wanafunzi kuanza kuipinga. Kazi kubwa ni ile ifuatayo. Mahali palipobaki tupu pataka kitu, na watu hawana budi kuulizana ni kitu gani kisimame pale, na kwa desturi ya nani. Jibu lisikikalo mara nyingi katika Afrika ni kwamba ukumbusho mpya ufuate mila za mababu. Jibu hilo ni jema, walakini ni fupi, maana haliwaambii wajenzi mila hizo zitafutwe wapi: katika umbo ambalo jicho huliona, au katika tendo ambalo mkono hulifanya.

Swali hili laweza kupimwa vizuri katika mji wa Pretoria, Afrika ya Kusini. Kando ya mji huo viko vilima viwili vinavyotazamana. Juu ya kimoja limesimama jengo liitwalo Voortrekker Monument, ukumbusho wa Makaburu. Juu ya cha pili, kiitwacho Salvokop, imejengwa Freedom Park, yaani Bustani ya Uhuru, penye eneo la hekta 52. Ni majengo machache katika Afrika yaliyojitahidi kama Freedom Park kuwakumbuka wafu kwa desturi za wenyeji bila ya kuomba ruhusa kwa sanaa ya Ulaya. Kwa sababu hiyo yastahili sifa, na kwa sababu hiyo hiyo yastahili uhakiki. Likitazamwa kwa makini, jengo hili laonekana kuwa limefaulu pale lilipowaachia watu tendo, na limepungukiwa pale lilipowapa sura ya tendo badala ya tendo lenyewe.

Yafaa kuanza na kilima cha kwanza, kwa kuwa cha pili kilijengwa kwa kukijibu. Msanifu wa Voortrekker Monument alikuwa Gerard Moerdijk. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka wa 1938, ilipotimia miaka 100 tangu vita vya mto Ncome, ambao Makaburu waliuita Mto wa Damu; na jengo lilifunguliwa tarehe 16 Desemba 1949, mwaka mmoja baada ya chama cha wabaguzi kushika serikali. Ni jengo la mawe lenye kimo cha meta 40 hivi. Ndani yake umezunguka ukuta wa marumaru wenye picha 27 za kuchongwa, urefu wake meta 92, zinazosimulia safari ya Makaburu kutoka pwani mpaka bara. Nje limezungushiwa boma la magari ya ng'ombe 64 yaliyochongwa ukutani. Chini, katikati, liko kaburi tupu. Na kila tarehe 16 Desemba, saa sita ya mchana, mwali wa jua hupenya katika tundu la kuba ukaliangukia kaburi hilo.

Msomaji asidhani kwamba jengo hili ni duni katika sanaa. Lina siku yake, lina ibada yake, lina mababu zake, na jua lenyewe limetiwa katika utumishi wake. Ila lake ni kwamba mababu wa watu walio wengi katika nchi hiyo wamo ukutani hasa kama maadui. Tena lina jambo jingine ambalo laweza kuwafunza wasanifu wa leo. Juu ya kuta zake umezunguka utepe wa mistari ya pembepembe, ambao wahakiki wa usanifu wameufananisha na ule uliojengwa juu ya ukuta mkubwa wa Great Zimbabwe. Nakshi ya Kiafrika, basi, ilipanda juu ya hekalu la watu waliojiandaa kuwanyima Waafrika haki katika nchi yao. Kama nakshi ya wenyeji ingekuwa na uwezo wa kuuondoa ukoloni, ingeuondoa pale. Haikuuondoa. Umbo lilichukuliwa, na wenye umbo wakaachwa mlangoni.

Fikira ya kujenga Freedom Park ilizaliwa na mambo yaliyofuata mwaka wa 1994. Tume ya Ukweli na Upatanisho, katika taarifa yake ya mwaka wa 1998, ilishauri kwamba waliodhulumiwa wasifidiwe kwa fedha tu, bali wakumbukwe pia kwa majengo na alama za hadhara. Kazi ya kuiongoza Freedom Park alipewa Mongane Wally Serote, mshairi mashuhuri ambaye pia alipitia mafundisho ya uganga wa jadi. Uchaguzi huo ulionyesha nia. Kabla ya kujenga, zilifanywa ibada za utakaso na uponyaji katika majimbo yote tisa ya nchi, waganga wa jadi na viongozi wa dini wakishirikiana, ili roho za waliokufa vitani na utumwani, na za wale ambao hawakuzikwa kwa heshima, ziitwe zirudi nyumbani. Jambo hili ladokeza tofauti kubwa na desturi ya Ulaya. Huko jengo husimamishwa kwanza, kisha sherehe hufanywa ya kulifunua. Salvokop ibada ilitangulia, na jengo likaja nyuma yake kama chombo cha kuihifadhi.

Sehemu ya kwanza kukamilika, katika mwaka wa 2004, ni ile iitwayo Isivivane. Neno hilo ni la lugha za Kinguni. Isivivane ya asili ni lundo la mawe kando ya njia. Msafiri afikapo huokota jiwe, akaliongeza juu ya lundo, akaomba safari yake iwe njema. Wakhoi nao walikuwa na desturi ya kutupia mawe juu ya malundo yaliyohesabiwa kuwa makaburi ya Heitsi-Eibib, babu wa hadithi zao ambaye alikufa na kufufuka mara nyingi. Katika Kizulu, kutupa jiwe katika isivivane ni msemo wenye maana ya kuchangia kazi ya wote, na Mswahili aliyezoea kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba hatapata taabu kuufahamu. Uzuri wa isivivane ni kwamba haina fundi. Haikuchorwa na mtu, haikufunguliwa na mkuu, wala haimaliziki. Mtoto na mfalme huongeza jiwe moja moja, na lundo halimwambii mtazamaji ni jiwe lipi la nani.

Wasanifu wa Freedom Park wameigeuza desturi hiyo kuwa mahali pa kupumzikia roho. Yamepangwa majabali 11 kwa duara: 9 yametoka katika majimbo, moja kwa ajili ya serikali ya taifa, na moja kwa ajili ya mataifa ya nje. Katikati hutoka ukungu. Kando imepandwa miti ya umlahlankosi, mti wa jamaa ya mkunazi, ambao tawi lake katika desturi ya Wazulu hutumiwa kuichukua roho ya mtu aliyefia mbali na kuirudisha kwao. Mwenye kuzuru huvua viatu, na atokapo hunawa mikono kwa maji. Hapana sanamu ya mtu, hapana farasi, hapana upanga. Mtu aliyezoea viwanja vya London au Lisbon hukosa pa kulitulizia jicho, na kukosa huko ni sehemu ya mafundisho: hakuja kutazama, amekuja kufika.

Sifa hizi ni za kweli, na kuvua viatu si jambo dogo. Mguu mtupu juu ya ardhi humfundisha mtu heshima kuliko maandishi marefu ya shaba. Lakini hapo hapo ndipo upungufu unapoanza. Majabali 11 yana hesabu yenye maana kamili, na kwa kuwa maana imekamilika, jiwe la 12 halina mahali. Mpita njia aliyetoka Limpopo na kokoto mkononi ataambiwa kwamba jimbo lake limekwisha kumletea jabali. Desturi ambayo kila mtu alikuwa mjenzi wake imegeuka kuwa desturi ambayo serikali imemjengea kila mtu. Tena kilima kina lango, na lango lina kiingilio cha kulipwa. Bila shaka bustani kubwa hutaka fedha za kuitunza, na walinzi nao hula. Walakini lundo la njiani halikuwa na bawabu, na mzimuni hapakuwa na cheti cha kuingilia. Ni vigumu kuliita jina la babu huku mkononi umeshika stakabadhi.

Wengine watasema kwamba lawama hii ni kali mno, maana taifa la watu milioni nyingi haliwezi kuachiwa kila mtu atupe jiwe lake mahali pamoja. Jibu ni kwamba lundo la mawe lilikuwa sanaa iliyobuniwa kwa watu wasio na idadi, hasa kwa wageni wasiofahamiana. Wingi ndio uliokuwa chakula chake. Kama serikali iliona wingi huo ni hatari, ingechagua desturi nyingine, kwa kuwa Afrika haina upungufu wa desturi zenye idadi. Kuchagua isivivane na kisha kulifunga lundo ni sawa na kumwalika mtu ngomani na kumkataza kucheza.

Sehemu ya pili, iitwayo S'khumbuto, yaonyesha hali tofauti. Hapo uko ukuta wa majina wenye urefu wa meta 697. Nyuma yake yamesimamishwa matete ya chuma yapatayo 200, kukumbusha hadithi ya Wazulu kwamba watu wa kwanza walitoka katika matete. Matete hayo ni mazuri usiku yawakapo taa. Lakini ni mfano tu, na mfano humfaa aliyekwisha kuijua hadithi. Ukuta ndio wenye uzito. Ulipoanzishwa uliandikwa majina yapatayo 75,000, na nafasi yake yatosha majina 120,000. Majina hayo yametolewa katika misiba minane ya historia ya nchi: vita vya kabla ya ukoloni, mauaji ya kimbari, utumwa, vita vya kupinga kutekwa, vita vya Waingereza na Makaburu, vita viwili vya dunia, na mapambano ya ukombozi.

Katika mila za Kibantu jina si pambo. Mzee atambikaye hutaja majina, na asiyetajwa amekufa mara mbili. Kwa hiyo ukuta huu ni tambiko hasa, si picha ya tambiko. Ndugu wa marehemu huutafuta mstari wake, huugusa kwa kidole, hulia. Na ile nafasi isiyoandikwa ni ahadi kwamba waliosahauliwa watangojewa. Hapa wasanifu wamelipata lile walilolipoteza katika Isivivane, yaani jengo lisilokamilika, ambalo kila ukoo waweza kuliongezea jiwe lake, na jiwe hilo ni jina.

Lakini jina likiwa na uzito, huzaa ugomvi. Katika mwaka wa 2007 palitokea mabishano makali juu ya askari wa jeshi la zamani la serikali ya kibaguzi, waliofia Namibia, Angola na kwingineko. Freedom Park haikuwatia ukutani, na ilhali majina ya Wakuba waliofia Angola yalitiwa. Waliotetea uamuzi huo walisema kwamba ukuta ni wa waliokufa kwa ajili ya uhuru na utu, na kwamba aliyepigana kuzuia uhuru hawezi kupewa heshima sawa na aliyeuawa akiutafuta. Waliopinga walisema kwamba vijana wengi wa jeshi hilo waliandikwa kwa nguvu ya sheria, na kwamba upatanisho unaobagua wafu haujawa upatanisho. Mwisho wake, katika mwaka wa 2009, ukuta mwingine wa majina ya askari hao ulijengwa kando ya Voortrekker Monument. Katika mwaka wa 2011 ilifunguliwa barabara ya kuviunganisha vilima viwili, ikaitwa Barabara ya Upatanisho. Basi magari hupita kutoka kilima hiki mpaka kile, lakini majina hayakukutana.

Ugomvi huu umehesabiwa na wengi kuwa aibu ya Freedom Park. Ukitazamwa upande mwingine, ni ushahidi wa nguvu yake. Hapana mtu agombeaye pambo. Watu waligombea ukuta kwa sababu walisadiki, hata wale wasiofuata mila za mababu, kwamba kuandikwa pale ni kupata kitu, na kuachwa ni kunyimwa kitu. Hata hivyo mabishano hayo yalifunua swali gumu ambalo msanifu hawezi kulijibu kwa kalamu yake: Je, serikali yaweza kuwa na mababu?

Mzimu katika mila ni wa ukoo. Atambikaye humtaja aliyemzaa, na aliyemzaa aliyemzaa. Hamtaji mtu kwa sababu alikuwa mwema tu au shujaa tu, bali kwa sababu damu yake na yake ni moja. Serikali haina damu. Ikitaka mababu hulazimika kuwachagua, na kipimo chake cha kuchagua hakiwezi kuwa ukoo. Lazima kiwe haki. Kwa hiyo walioamua mwaka wa 2007 hawakuivunja mila kwa kuchagua, kwa maana mila nayo huchagua. Walichokikuta ni mpaka wa mila yenyewe. Nyumba nyingi zaweza kuwa na mizimu mingi, na kila nyumba ikamtambikia wake hata kama alikuwa mwovu machoni pa jirani. Taifa lenye ukuta mmoja halina nafasi hiyo. Msanifu atakayechukua mila za ukoo na kuzipandisha mpaka daraja ya taifa, na ajue tangu mwanzo kwamba anachukua pia swali hili, na kwamba halitatulizwa kwa matete ya chuma wala kwa ukungu.

Wapo waliojaribu kuliepuka swali hilo kwa ukubwa. Mfano wake ni sanamu ya Mwamko wa Afrika iliyozinduliwa Dakar tarehe 3 Aprili 2010, ilipokaribia miaka 50 ya uhuru wa Senegal. Kimo chake ni meta 49, nayo yasimama juu ya kilima karibu na bahari: mwanamume, mwanamke na mtoto wakitoka katika mwamba. Rais Abdoulaye Wade alijivunia kwamba fikira ilikuwa yake, lakini kazi ilifanywa na kampuni ya Mansudae ya Korea ya Kaskazini. Maimamu waliulalamikia uchi wa umbo, na wengine waliilalamikia gharama. Mhakiki wa mila ana lalamiko jingine: mbele ya sanamu ile hapana la kufanya. Mtu aweza kupanda ngazi, kuinua kichwa, kupiga picha na kushuka. Babu yeyote hakuitwa, wala hapana jina lililongojewa. Neno Afrika limo katika jina la sanamu, na limekomea hapo.

Kinyume cha sanamu ya Dakar chapatikana katika pwani ya Kenya, kwa Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa na kutiwa nakshi za pembetatu, ikasimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Wafu wengine huwekewa koma, vijiti vifupi visivyo na nakshi nyingi. Kigango husimamishwa kwa ibada, hutiliwa tambiko, huombwa mvua na afya. Tena hakihamishwi. Watu wakihama, hukiacha pale pale kiliwe na mchwa na mvua, kwa kuwa kuzeeka kwake ni sehemu ya kazi yake. Tangu miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaingia katika majumba ya makumbusho ya Marekani, ambako vilisifiwa kwa uzuri wa umbo. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka wa 1985 vilirudishwa kwa wenyewe mwaka wa 2007, baada ya wataalamu kuvitambua huko.

Kisa hicho chapasa kusomwa na kila msanifu wa ukumbusho. Makumbusho ya Marekani yalipata umbo lote la kigango, wala hayakupunguza hata nakshi moja, na bado hayakupata kigango. Walichokipata ni mti. Nyumbani kwake, kigango kilicholiwa na mchwa nusu bado ni mtu. Ng'ambo, kigango kizima chini ya taa ni kitu. Hapa jibu la swali la mwanzo laonekana bila ya kutafutwa mbali: mila imo katika tendo, na umbo ni alama ya njia ambayo tendo limepita. Isitoshe, kisa hicho chawafunza wajenzi jambo ambalo serikali hulichukia, kwamba ukumbusho waweza kuzeeka. Shaba na zege hujengwa ili vizazi visihitajiwe kufanya lolote. Mti huwalazimisha watoto kurudi.

Pengine ndiyo maana ukumbusho mmoja mdogo uliozinduliwa Cape Town tarehe 22 Januari 2025 wastahili kuwekwa kando ya Freedom Park na kulinganishwa nayo. Ulijengwa na tume ya Jumuiya ya Madola ya makaburi ya vita katika bustani ya kale iitwayo Company's Garden, kwa ajili ya watu 1,772 wa Afrika ya Kusini, wengi wao weusi, waliofia barani Afrika katika vita vya kwanza vya dunia. Walikuwa wachukuzi, waendesha magari na vibarua. Hawakupewa silaha, na wengi walitumika katika Afrika ya Mashariki. Wenzao waliozama na meli ya Mendi mwaka wa 1917 waliandikwa majina Uingereza. Hawa waliofia Afrika hawakuandikwa popote. Sasa kila mmoja ana nguzo yake ya mti, na juu yake limeandikwa jina na siku ya kufa. Mti huo ni mvule. Hapana sanamu, hapana mnara. Ni msitu wa nguzo ambao mtu hupita katikati yake.

Ukumbusho huo hautangazi mila, na kwa unyamavu wake waikaribia zaidi. Anayemtafuta babu yake hupata nguzo moja iliyo yake, wala haimlazimu kuamini kwamba babu huyo ni wa taifa zima. Mti utabadilika rangi kwa jua na mvua, na mtu atatakiwa kuutunza. Upungufu wake ni kwamba waliousimamisha ni warithi wa dola ile ile iliyowasahau wafu hao, na kwamba ulikuja baada ya miaka zaidi ya 100, watoto wao wote wakiwa wamekwisha kufa. Lakini usanifu wake umeshika shina la jambo.

Ukumbusho wa Cape Town waurudisha uhakiki huu mpaka Dar es Salaam, kwa kuwa wengi wa wafu hao walifia katika vita vya nchi hiyo. Katikati ya mji huo yasimama sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka wa 1927, kukumbuka askari na wapagazi wa vita hivyo. Imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, pamoja na Kiingereza kilichotungwa na Rudyard Kipling. Maandishi yake huahidi kwamba aliyekufa vitani atakumbukwa jina na wanawe, na sanamu nzima haina jina la mtu hata mmoja. Mpagazi, aliyekufa kwa njaa na maradhi kuliko risasi, naye hana jina pale. Amebakiwa na jina la mtaa wa Kariakoo, lililotokana na kikosi chake. Katika mwaka wa 2021 tume iliyotajwa ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hasa Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo swali la ukumbusho wa mababu si la Pretoria peke yake. Siku itakapoamuliwa kuwajengea wapagazi hao ukumbusho wao, wasanifu watakuja na michoro ya ngao, ngoma, mibuyu na nguzo za makaburi ya kale ya pwani, na michoro hiyo huenda ikawa mizuri. Yafaa waulizwe kwanza mambo matatu ambayo Freedom Park, kwa kufaulu na kwa kupungukiwa kwake, imeyaweka wazi. Ajaye atafanya nini hapa kwa mkono wake? Jina lililopatikana kesho litaandikwa wapi? Na ni nani atakayekuja kulitunza jengo hili lianzapo kuchakaa? Palipo na majibu ya maswali hayo, lundo la kokoto kando ya barabara litatosha. Pasipo na majibu, hata jabali likivutwa kutoka kila jimbo, litakaa pale likitazamwa, na wafu wataendelea kungoja kuitwa.